Ua Jeupe la Milima ya Lubero

Wengi wetu huona bustani ya maua kuwa kazi ya watu wasio na shida. Husema, "Ua haliliwi, afadhali nipande muhogo." Mimi nami nilisema hivyo kwa miaka mingi, ingawa katika seminari ndogo tulilima bustani kila alasiri. Leo nataka kuwasimulia habari za ua moja la milima ya Lubero, na za safari mbili nilizozifanya kwa ajili yake. Safari ya kwanza nilirudi nyumbani na majivuno, ya pili niliondoka nyumbani na aibu. Lakini hiyo ya pili ndiyo iliyonifaa.

Kopo la maharage

Kwetu ni karibu na Beni, katika Kivu ya Kaskazini. Ni nchi ya joto yenye mvua nyingi, kama mita 1,100 juu ya bahari. Huko hustawi michikichi, kakao na migomba. Asubuhi mawingu yakifunguka, twaiona milima ya Ruwenzori upande wa mashariki imevaa theluji yake, nasi huku twatoka jasho.

Mama yangu ni mjane. Tangu baba alipofariki, alitulea kwa jembe lake, na kila msimu aliweka akiba ya mbegu za maharage katika kopo kubwa chini ya kitanda. Mbegu ya kwanza alipewa na mama yake siku alipoolewa, na tangu siku hiyo hakununua mbegu sokoni hata mara moja. Kwake yeye, mwanamke akosaye mbegu zake mwenyewe ni kama nyumba isiyo na moto.

Basi, mwezi wa Machi mwaka 2012, mvua za kupandia zilipoanza, alilifungua kopo lile mbele yangu. Tukaona vumbi. Wadudu wadogo walikuwa wameingia, na karibu kila punje ilikuwa na tundu, nyepesi kama ganda. Mama hakulia. Aliyamwaga maharage juu ya ungo, akapepeta mara tatu, akachagua punje nzima, nazo zikajaa viganja viwili tu. Kisha akaketi mlangoni muda mrefu pasipo kusema neno. Siku ya pili alikwenda kukopa mbegu kwa jirani.

Mimi niliona haya. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha. Nilijua kuchora ubaoni namna mdudu anavyotoka katika yai, anavyokuwa funza, anavyoota mabawa. Lakini namna ya kumzuia asiingie katika kopo la mama yangu sikuijua.

Njia ya kupanda milimani

Likizo ya Julai ilipofika, mama alinituma Lubero kumsalimu shangazi yangu, dada ya marehemu baba, aliyeolewa huko. Kutoka Beni mpaka Butembo ni kilomita 54 hivi, na kutoka Butembo mpaka Lubero ni kama 45. Kwa hesabu si mbali, lakini njia yenyewe wakati huo ilikuwa ya udongo na ya kupanda, na lori lililalamika katika kila kilima. Nilipata nafasi juu ya magunia ya chumvi pamoja na akina mama wachuuzi, na kikapu changu cha zawadi nilikipakata magotini: chupa mbili za mawese na mkungu mdogo wa ndizi.

Katika safari hiyo nchi hugeuka kidogo kidogo, na asiyeangalia hatambui. Kwanza kakao hupungua, halafu michikichi huachwa nyuma. Migomba hufuatana nawe muda mrefu zaidi. Ukifika Butembo, mji ule mkubwa wa wafanyabiashara, uko tayari juu ya mita 1,700, na mikaratusi imesimama kila upande wa njia. Baada ya Butembo wavuka mstari wa ikweta. Wanafunzi wangu hudhani kwamba ikwetani ni lazima kuwe na joto kali. Mimi pale nilifunga vifungo vyote vya koti mpaka shingoni, na mama mmoja mchuuzi akanicheka, akasema, "Mwalimu, bado hujafika penye baridi."

Alisema kweli. Lubero iko karibu na mita 2,000, na vilima vinavyoizunguka hupita hapo. Huko niliona mashamba ya viazi ulaya, ngano, njegere na kabichi yamepangwa kwenye miteremko, na ukungu umelala mabondeni kama maziwa katika kibuyu. Moshi ulitoka katika kila paa, maana watu wa huko huota moto jioni mwaka mzima. Lakini saa nne ya asubuhi ukungu huinuka, na jua la milimani huwaka kwa nguvu, hata ngozi ya uso huuma.

Ulinzi wa ghala

Kesho yake asubuhi nilitoka nje, nikaona nyuma ya nyumba ya shangazi kiwanja kizuri kilichoelekea mashariki. Kilijaa maua meupe yenye kitovu cha njano, yamesimama juu ya vijiti vyembamba, kimo chake chafika gotini. Majani yake yalikuwa ya kijivujivu, yamekatwakatwa kama manyoya ya ndege. Lilikuwa pambo kweli kweli. Hata hivyo nilimwuliza kwa utani, "Shangazi, mbona kiwanja chenye jua kiasi hiki umekipa maua, na viazi umevipeleka kule chini?"

Shangazi hakunijibu. Alinishika mkono, akaniingiza ghalani, akafungua debe. Lilikuwa na maharage ya msimu wa mwaka uliotangulia. Akachota, akanimwagia kiganjani. Punje zilikuwa nzima, zinang'aa, wala hapakuwa na tundu hata moja. Juu yake palikuwa na unga mwembamba wa rangi ya majani makavu. Akasema, "Mwanangu, mlinzi wa ghala hili analala kule nje kwenye jua. Ulikuwa ukimcheka sasa hivi."

Ua lile ni pareto. Wengi wetu katika Kongo tulilisikia kwanza kwa jina lake la Kifaransa, lakini ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huliita pareto, na jina hilo ni jepesi kwa ulimi wetu.

Pareto si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya mawe iliyo kando ya bahari ya Adriatiki, ambayo leo kwa sehemu kubwa ni nchi ya Kroatia. Huko huota lenyewe penye mawe na jua kali, na wakati wa kipupwe hupata baridi nyingi. Watu walitambua kwamba maua hayo yakikaushwa na kusagwa huua viroboto, chawa na wadudu wengine. Baadaye Wajapani walilima pareto nyingi sana. Katika Kenya ilianza kulimwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 ilifika katika milima ya Kivu yetu na ya Rwanda. Wakati wa vita ya 1939 mpaka 1945, Japani ilipokuwa upande wa adui, majeshi ya Uingereza na Marekani yalitafuta pareto ya Afrika ili kuwakinga askari na chawa na mbu.

Nguvu ya ua hili haimo katika petali zile nyeupe zinazopendeza macho. Imo hasa katika mbegu ndogo ndogo zilizo ndani ya kitovu cha njano. Wataalamu wawili, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, walifanya kazi Uswisi kuichunguza dawa hiyo, na mwaka 1924 wakatangaza waliyoyapata. Ruzicka mwenyewe alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Kroatia. Kisha wataalamu wengine wakajifunza kutengeneza dawa za mfano huo viwandani. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, walitangaza dawa iitwayo pamethrini, ambayo ilikuja kutiwa katika vyandarua vya mbu. Kwa hiyo, msomaji, ikiwa katika nyumba yako kuna chandarua chenye dawa, jua kwamba dawa ile ni ya ukoo wa pareto. Watu waliiga kilichokuwamo tayari katika ua.

Namna ya kulitunza

Nilikaa kwa shangazi wiki mbili, na kila siku alinipa kazi bustanini. Haya ndiyo aliyonifundisha.

Kwanza ni mahali. Pareto hupenda jua tangu asubuhi mpaka jioni. Ukiipanda chini ya migomba au kando ya mikaratusi, hurefuka na kulala chini, na maua yake ni machache. Tena haivumilii maji yanayosimama. Udongo ukiwa mzito, mizizi huoza. Kwa sababu hiyo shangazi aliinua matuta, na kati ya matuta alichimba mifereji ya kupitishia mvua.

Pili ni kuzidisha. Mbegu zake ni ndogo sana, na miche yake hutaka kitalu na uangalizi wa miezi kadhaa. Kwa hiyo watu wengi hugawa mashina. Mvua zikianza, hung'oa shina lililokomaa na kulipasua kwa mikono, hata kila kipande kiwe na majani yake na mizizi yake. Hupunguza majani marefu, kisha hupanda. Shangazi aliacha kama sentimita 30 kati ya mche na mche, na 60 kati ya mstari na mstari. Aliniambia niangalie sana jambo moja: moyo wa mche, pale majani yanapotokea, usifukiwe. Ukifukiwa, mche huoza. Mizizi nayo isikae juu, maana jua litaikausha.

Tatu ni palizi. Magugu ni adui mkubwa wa mche mchanga. Samadi iliyooza vizuri yafaa kidogo, lakini ukizidisha utapata majani mengi na maua haba.

Nne ni kuchuma. Pareto ikistawi huanza kutoa maua yapata miezi minne baada ya kupandwa, na katika msimu wake huchumwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Ua lisichumwe likiwa tumba, kwa maana nguvu yake haijajaa, wala lisiachwe mpaka likauke juu ya kijiti, kwa maana nguvu yake imepungua. Utalijua limekomaa petali nyeupe zikiwa zimelala wazi kabisa, na vile viua vidogo vya kitovuni vimefunguka duara kadhaa kutoka ukingoni. Hukatwa kichwa kitupu kwa vidole, bila kijiti. Wala usichume penye umande. Maua mabichi yenye maji yakirundikwa hupata joto na kuoza kikapuni.

Tano ni kukausha. Hapo hapo siku ya kuchuma, tandaza maua juu ya mkeka, tabaka moja jembamba, na kuyageuza mara kwa mara. Yakauke upesi, na jioni uyaingize ndani. Yatakuwa tayari kitovu kikibonyezwa kwa vidole kikavunjika. Kilo 4 au 5 za maua mabichi hutoa kilo 1 tu ya makavu. Kisha yahifadhi penye giza, katika chombo kilichofungwa. Hili ni jambo la kushangaza: ua linalopenda jua lingali hai, likisha kukauka huharibiwa na jua hilo hilo. Mwanga huivunja dawa yake, na unga uliotawanywa mchana peupe hupoteza nguvu upesi.

Mwisho ni kufanya upya. Msimu wa maua ukipita, kata vijiti vilivyokauka ili shina lichipuke tena. Shina moja hufaa miaka mitatu, pengine minne. Baada ya hapo huchoka, na lazima ling'olewe na kugawanywa.

Shangazi aliongeza maonyo. Unga wa pareto huwasumbua watu wengine, ukawawasha ngozi au kuwapigisha chafya. Afadhali kufunga kitambaa puani wakati wa kutwanga. Maharage ya kula yaliyotiwa unga huo sharti yaoshwe vizuri kabla ya kupikwa. Tena usioshe vyombo vyake mtoni, maana dawa hii, ambayo haimdhuru sana mtu wala mbuzi, ni sumu kali kwa samaki. Huua na nyuki pia.

Miaka miwili ya majani

Siku ya kurudi, shangazi alinipa miche 40. Tuliifunga katika majani ya mgomba pamoja na udongo wenye unyevu, nami nikaibeba kama mtu abebaye yai. Njiani nilikuwa nikiwaza: mama hatakopa mbegu tena. Nilikwisha kuhesabu ni makopo mangapi tutakayoyalinda, na jirani wangapi watakaokuja kuniomba miche. Niliona kwamba nimepata ufunguo.

Mama alipokea miche ile kwa furaha. Alinipa sehemu nzuri kuliko zote, mbele ya nyumba, penye jua tele. Niliinua matuta, nikapanda kwa vipimo, nikapalilia. Katika miezi michache miche ilistawi, ikawa vichaka vizito, vya kijani kibichi kuliko vile vya Lubero. Watu waliopita njiani walisimama kuitazama. Mama naye aliimwagilia wakati wa kiangazi, na kila asubuhi aliinama kutafuta tumba la kwanza.

Tumba halikuonekana. Miezi minne ilipita, ikawa sita, ikawa mwaka. Niliongeza samadi, nikapata majani zaidi. Nilipunguza majani, yakaota mengine. Mwaka wa pili mvua za Oktoba zilikuwa nyingi, na vichaka vingine vikaanza kulegea na kunuka, maana shina lilikuwa limeoza. Majirani walianza kumwuliza mama kwa upole wenye ncha, "Na yale maua ya mwalimu?" Mama aliwajibu, "Yaja." Hakunilaumu hata siku moja. Lakini katika miaka ile miwili alipoteza mbegu mara nyingine tena, na mahali pale pazuri mbele ya nyumba angaliweza kupanda mboga za kuuza. Aliliacha ombi hilo kwa ajili yangu. Jambo hilo liliniuma kuliko maneno ya majirani.

Neno la mzee

Mwezi wa Julai mwaka 2014 nilipanda tena lori la Lubero. Safari hii sikubeba majivuno, ila chupa nne za mawese na majani machache ya pareto yetu yaliyofungwa katika gazeti. Shangazi aliyatazama, akatikisa kichwa. Akanipeleka kwa mzee mmoja jirani yake, ambaye alipokuwa mtoto, zamani za Wabelgiji, alichuma maua katika shamba kubwa la mzungu.

Mzee aliyashika majani yale, akayanusa, akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwenu usiku mwajifunika blanketi ngapi?"

Nikajibu, "Mzee, kwetu shuka moja yatosha. Miezi mingine hata hiyo twaitupa."

Akasema, "Basi maua hutayaona. Pareto ina wazazi wawili. Jua la mchana ni baba yake, humlisha. Baridi ya usiku ni mama yake, humzaa. Wewe umempeleka kwa baba tu. Amenenepa, lakini hakuzaliwa."

Baadaye nilisoma na kukuta kwamba maneno ya mzee yule yalikubaliana na maneno ya wataalamu. Mche wa pareto hautoi matumba usipopata majuma kadhaa ya usiku wa baridi, yapata nyuzi 16 au chini yake. Joto likizidi kwa siku nyingi, huendelea kuota majani matupu. Kwao Dalmatia baridi hiyo huletwa na kipupwe. Kwetu ikwetani, ambako hakuna kipupwe, baridi hupatikana kwa kimo cha mlima. Ndiyo sababu katika nchi zetu pareto hulimwa hasa juu ya mita 1,800 hivi, yaani Lubero, Masisi, kaskazini ya Rwanda, na nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mimi niliona jua la Lubero, nikalipima, nikafurahi kwamba Beni twalo jua kama hilo. Sikupima usiku wake, ingawa nililala wiki mbili chini ya blanketi tatu.

Nilikaa kimya. Kisha nikasema, "Mzee, basi mama yangu afanye nini? Hawezi kuuhamisha mlima."

Shangazi ndiye aliyejibu, naye alicheka: "Mwanangu, kwani mimi nina michikichi hapa? Hata hivyo kila siku napika kwa mawese. Hayo mawese yalitoka wapi?"

Hapo nikaelewa. Tukapatana hivi: shangazi aongeze matuta mawili ya pareto kwa ajili ya mama, naye mama apeleke mawese kila msimu. Mawese yapande, maua yashuke. Nilirudi Beni na kopo la maua makavu, nikang'oa vichaka vyangu, na mahali pake mama akapanda mchicha na nyanya. Tulikausha maharage vizuri juani, maana punje yenye unyevu hakuna dawa iwezayo kuiokoa. Tukatwanga maua, tukachanganya unga kidogo na mbegu, tukaziba kopo.

Siku mama alipoyaona maua

Tangu Oktoba mwaka 2014 nchi ya Beni ilipatwa na mauaji, na watu wengi walikimbia vijiji vyao. Nasi tulikimbia, mwanzoni mwa mwaka 2015. Mambo mengi niliyoyaona siku zile sitayaandika hapa. Nitasema moja. Tulipokuwa tukitoka nyumbani, mimi nilichukua vitabu vyangu vya shule, wadogo zangu wakachukua masufuria na nguo. Mama aliingia chumbani, akainama, akatoa kopo la mbegu chini ya kitanda. Alilibeba kichwani mpaka tulipopata gari.

Tulifika Lubero usiku, tukapokewa na shangazi. Mvua za Machi zilikuwa zimeanza, na shemeji wa shangazi alimpa mama kipande cha shamba. Mama akalifungua kopo. Mimi niligeuza uso, maana niliogopa kuona tena vumbi lile la mwaka 2012. Nikasikia mama akizihesabu punje kwa sauti ndogo, kama mtu asaliye. Zilikuwa nzima. Alizipanda, zikaota, na miezi mitatu baadaye tulikula maharage yetu wenyewe katika nchi ya ugeni.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya hayo yote, niliamka nikamkosa mama nyumbani. Nikamkuta nyuma ya nyumba, amejifunga kanga mbili kwa baridi, amesimama kando ya matuta. Ukungu ulikuwa ukiinuka. Maua ya pareto yalikuwa wazi yote, meupe, yenye umande. Mama, aliyemwagilia majani matupu kwa miaka miwili, aliyatazama muda mrefu. Kisha akaniambia, "Kumbe ndiyo haya." Akaongeza, "Hayakuwa mabaya, mwanangu. Hayakuwa kwao tu."

Shauri kwa wasomaji

Nimeandika haya kwa ajili yenu ninyi mnaopenda kupanda, hasa ninyi wanafunzi ambao mkisoma jambo leo mwataka kulitenda kesho. Mkikaa milimani, penye usiku wa baridi na jua wazi, pareto yafaa sana nyuma ya nyumba: hupendeza macho, hulinda ghala, na penye mnunuzi huleta fedha kidogo. Wachache watakaotaka kulima kwa kuuza na waulize kwanza habari za soko, kwa maana maua makavu hayangojei miaka. Mkikaa nchi ya joto, msiipande. Nunueni maua makavu kwa watu wa milimani, au mbadilishane kama mama na shangazi.

Na kwa kila mche mnaotaka kuuleta kutoka mbali, ulizeni kwanza kwao kukoje: si mchana tu, bali na usiku, si udongo tu, bali na mvua na baridi. Mimi swali hilo ningaliliuliza mwaka 2012, mama asingalipoteza misimu miwili.

Mama yuko hai, na kopo lake liko chini ya kitanda. Amani ya njia ikiruhusu, mawese hupanda na maua hushuka. Njia ikifungwa, hutumia unga uliobaki kwa kuuhesabu, kijiko kwa kijiko, na husema kwamba shangazi huko juu naye anakaanga kwa kuhesabu.